Safari ya Thumba, Penye Roketi za Kupimia Anga

Kwa miaka mingi nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za Kilifi, na kila nifikapo kwenye somo la angahewa hakosi mwanafunzi wa kuuliza swali moja: haya yaliyoandikwa kitabuni kuhusu hewa iliyo kilomita 50, 60 au 100 juu yetu, nani alikwenda kuyapima? Ni swali la haki. Puto la hali ya hewa hupanda kilomita 30 na kitu, kisha hupasuka. Setilaiti nayo haiwezi kuzunguka dunia chini ya kilomita 150 hivi, maana hewa ya huko, hata ikiwa nyembamba mno, huizuia na kuiangusha. Kati ya puto na setilaiti umebaki ukanda mpana wa anga ambao chombo pekee kinachoweza kuuingia na kuupima papo hapo ni roketi ndogo. Hupanda kwa dakika chache, hupima, hutuma habari kwa redio, kisha huanguka baharini na kazi yake imekwisha.

Jibu hilo nilikuwa nikilitoa kwa maneno matupu. Nikajiwekea nia ya kuiona kazi yenyewe, na mahali nilipopachagua ni Thumba, kijiji cha wavuvi katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Hapo ndipo India ilipoanzia safari zake zote za anga, na hadi leo roketi ndogo zingali zikirushwa. Sikuwa nimewahi kuivuka Bahari ya Hindi, ingawa nimezaliwa kando yake.

Likizo ya Desemba ilipofika nilipanda basi la usiku kutoka Malindi hadi Nairobi, kisha ndege ya Sharjah, na kutoka Sharjah ndege ya Thiruvananthapuram, mji mkuu wa Kerala. Ndege hiyo ya pili ilijaa watu wa Kerala waliokuwa wakirudi nyumbani baada ya miaka ya kazi huko Ghuba: mafundi umeme, wauguzi, madereva, wapishi wa hoteli. Mabinti wa kwetu wanaotoka Saudia na Qatar hurudi vivyo hivyo, na masanduku yaliyofungwa kamba na zawadi zilizogawiwa tayari kwa majina ya ndugu. Bwana wa makamo aliyekaa kando yangu, fundi wa mabomba huko Ajman, aliniuliza ninakwenda kumtembelea nani. Nikamwambia ninakwenda kuona roketi. Hakushangaa hata kidogo. Alisema shemeji yake alistaafu hapo Thumba, na watoto wa nyumba ile wote wamesomea uhandisi.

Uwanja wa ndege wa Thiruvananthapuram umepakana na bahari. Ndege ilishuka sambamba na ufuko, na chini niliona minazi isiyokatika, paa za vigae vyekundu, na mitumbwi iliyopandishwa mchangani. Joto la mlangoni mwa ndege lilikuwa la Mombasa. Wanaume walivaa shuka nyeupe zilizokunjwa hadi magotini, kama wavaavyo kikoi wazee wa kwetu wakiwa nyumbani. Chakula changu cha kwanza kilikuwa mihogo ya kuchemsha kwa mchuzi mwekundu wa samaki, na mwenye mkahawa alipoona ninavyokula bila kuuliza maswali aliniongeza bila malipo.

Dereva wa bajaji aliyenichukua alikuwa mtu mzima, nami nikamwita chetta, yaani kaka, kama walivyomwita abiria wengine. Yeye alipoijua kazi yangu akaniita Ticha mpaka siku ya kuagana, kwa maana ndivyo waitwavyo walimu wa kike huko. Tulielekea kaskazini kando ya pwani, tukapita kwenye wangwa wa Veli ambako maji baridi hukutana na bahari, na mara uzio mrefu ukaanza upande mmoja wa barabara. Nyuma ya uzio ule kuna Kituo cha Anga cha Vikram Sarabhai, ambako hubuniwa roketi kubwa za India. Mbele ya vyote limesimama kanisa jeupe, Kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena. Mle ndani hamna ibada tena. Ni makumbusho ya anga.

Pasipoti yangu ilikaguliwa, jina langu likaandikwa kwenye daftari, nami nikakabidhiwa kwa mzee mmoja, fundi mstaafu ambaye sasa huwapokea wageni. Nilimwomba anieleze tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe, alisema, ni sumaku ya dunia.

Ukiishika sindano ya sumaku ili iweze kuinama juu na chini, utaona kwamba Ulaya inainamia ardhini upande wa kaskazini, na kusini mwa dunia inainama kinyume chake. Kuna mstari unaoizunguka dunia ambako sindano hiyo hulala sawasawa bila kuinama. Huo ndio ikweta ya sumaku, nao haufuatani na Ikweta ya ramani. Kwa upande wa Afrika hupita Ethiopia, nje ya Kenya kwa upande wa kaskazini. Kwa upande wa India hupita kwenye ncha ya kusini, karibu sana na Thumba. Juu ya mstari huo, kilomita 105 hivi kutoka ardhini, mchana hutiririka mkondo mkali wa umeme unaoelekea mashariki. Mkondo huo huathiri mawimbi ya redio na hutikisa sindano za dira huku chini. Wanasayansi wa dunia nzima walitaka kuupima mahali ulipo, na ili kuufikia ilibidi roketi irushwe kutoka chini yake hasa.

Aliyeliona jambo hilo mapema ni Vikram Sarabhai, mwanafizikia wa miale ya anga kutoka Ahmedabad, aliyeanzisha maabara ya utafiti wa fizikia katika mji huo mwaka 1947, mwaka ule ule ambao India ilipata uhuru. Mwaka 1962 alipewa uongozi wa kamati ya taifa ya utafiti wa anga, akaanza kutafuta kiwanja pwani ya kusini. Thumba ilifaa kwa kila kipimo, isipokuwa kimoja: watu walikuwa wakiishi hapo. Zilikuwa familia za wavuvi Wakatoliki, na katikati yao kanisa, makaburi na nyumba ya askofu.

Yaliyofuata ni habari inayojulikana India nzima, kwa kuwa A.P.J. Abdul Kalam, aliyekuwa mhandisi kijana wakati huo na baadaye rais wa nchi, aliisimulia tena na tena. Sarabhai alimwendea Askofu Peter Bernard Pereira kuomba kiwanja. Askofu hakumpa jibu. Alimwambia aje kanisani siku ya Jumapili. Baada ya ibada aliwaeleza waumini kwamba mwanasayansi huyu anaomba kanisa lao na makao yao kwa ajili ya utafiti, akawauliza kama wako radhi. Kanisa zima likaitika amina. Familia zilihamishiwa kijiji kipya, likajengwa kanisa jipya, na la zamani likawa ofisi na karakana ya roketi.

Niliposimama ndani ya kanisa lile, chini ya dari refu, nilijaribu kuwaona vijana wale wakiunganisha roketi mahali palipokuwa na mabenchi ya ibada. Hawakuwa na kitu. Walipanga vyumba mjini, wakala kwenye kantini ya stesheni ya reli, wakaja kazini kwa basi na kumalizia kwa baiskeli. Vifaa navyo vilikokotwa kwa baiskeli. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga picha ya mafundi wawili wakisukuma baiskeli iliyobeba ncha ya roketi, na picha hiyo imezunguka dunia nzima. Mwenyeji wangu aliitaja kwa heshima. Alisema watu huitazama na kuona umaskini, lakini waliokuwepo huiona kama picha ya watu wasiokubali kungoja.

Roketi ya kwanza ilirushwa jioni ya tarehe 21 Novemba 1963. Ilikuwa Nike-Apache, iliyotolewa na Marekani. Mzigo wake ulitoka Ufaransa kwa mwanasayansi Jacques Blamont: chombo cha kutoa mvuke wa sodiamu. Kalam ndiye aliyesimamia uunganishaji na usalama. Ameandika kwamba walipokuwa wakiipandisha roketi kwenye mtambo wa kurushia, winchi iliyokuwa ikiinyanyua ilianza kuvuja mafuta na kulegea, ikabidi wainyanyue kwa nguvu za mikono yao hadi ikakaa sawa. Kisha ikaruka, ikapita kilomita 200.

Kwa nini sodiamu? Mvuke huo ukitolewa juu sana wakati wa magharibi, huku chini jua limekwisha kuzama lakini huko juu bado linawaka, nao hung'aa kwa rangi ya machungwa. Upepo wa juu huusukuma, huukunja na kuuvuta. Wapiga picha walikuwa wamewekwa katika vituo mbalimbali vya kusini mwa India, na kwa kulinganisha picha za wingu lile lile kutoka pande tofauti wakapata kasi na mwelekeo wa upepo wa kila urefu. Vipimo vya upepo huo juu ya ikweta ya sumaku vilikuwa adimu mno kabla ya hapo.

Siku iliyofuata chetta alinipeleka kwa mzee mmoja katika kijiji cha wavuvi kilicho jirani, ili nisikie upande wa waliohama. Tulimkuta akishona nyavu chini ya mnazi. Nilimwamkia kwa mikono miwili iliyokutanishwa, kama desturi yao, naye akaagiza chai kabla ya neno lolote. Alikuwa mtoto mwaka 1963. Kwa tafsiri ya chetta alinieleza jinsi wingu la rangi ya moto lilivyotanda juu ya bahari, na jinsi wanawake walivyotoka nje kusali wakidhani ni ishara ya mwisho. Mama yake, alisema, alililia kanisa la zamani hadi uzeeni. Lakini wajukuu zake wawili wameajiriwa nyuma ya uzio ule, mmoja akiwa fundi wa vyuma na mwingine karani. Nilimuuliza kama walitendewa haki. Alifikiri kitambo, akajibu kwamba waliombwa, hawakufukuzwa, na kwamba mtu aliyeombwa hutoa kwa moyo mwingine. Neno hilo nililiandika palepale.

Niliporudi makumbusho nilitaka kujua jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililonivusha bahari. Nilimwambia mwenyeji wangu kwamba ninatoka ufuko wenye historia inayofanana na yao. Mwaka 1964, miezi michache tu baada ya Kenya kujitawala, Waitalia wakiongozwa na Luigi Broglio walirusha roketi za kupimia anga kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Nazo zilikuwa Nike-Apache za Marekani, aina ile ile ya Thumba. Baadaye, mwaka 1967, majukwaa ya hapo, yaitwayo San Marco, yalirusha setilaiti, na tarehe 12 Desemba 1970 yalirusha Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyojengwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksrei kutoka kwenye nyota. Ikapewa jina la Kiswahili kwa kuwa ilirushwa siku ya kuadhimisha uhuru wetu. Kurusha setilaiti kutoka hapo kulikoma mwaka 1988.

Mzee alisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo limekuwa langu: baada ya zile za kwanza, nyinyi wenyewe mlirusha nini?

Alinionyesha kile ambacho wao walikifanya. Walipokea roketi ya Marekani, rada ya Ufaransa, kompyuta na helikopta kutoka Umoja wa Kisovieti, na hawakuishia kwenye kupokea. Tarehe 20 Novemba 1967, miaka minne baada ya ile Nike-Apache, walirusha roketi waliyoitengeneza wenyewe, Rohini RH-75. Kipenyo chake kilikuwa milimita 75 tu, na haikupanda mbali. Lakini vijana wa Thumba walikuwa wamejifunza kuchanganya fueli ngumu, kuimimina kwenye bomba bila kuacha ufa wala tundu, kuunda ncha isiyoyeyuka kwa joto la mwendo, na kukadiria roketi itaangukia wapi. Walichukua pia leseni ya kutengeneza roketi ya Kifaransa, Centaure, wakaisoma kila skrubu. Kutoka hapo zikaja RH-200, RH-300 na RH-560, majina yanayotaja kipenyo kwa milimita. Na tarehe 18 Julai 1980, roketi ya SLV-3 iliyobuniwa Thumba chini ya uongozi wa Kalam ilirusha setilaiti ya Rohini kutoka Sriharikota, pwani ya mashariki. Wahandisi wa kanisani wakawa wamefika kwenye mzunguko wa dunia.

Wala hawakujifungia. Tarehe 2 Februari 1968, Waziri Mkuu Indira Gandhi alikiweka wakfu kituo cha Thumba kwa Umoja wa Mataifa, ili wanasayansi wa nchi yoyote waje kupima. Walikuja Wamarekani na Warusi wakati mataifa yao yakiwa mahasimu, wakaja Wafaransa, Waingereza, Wajerumani na Wajapani. Kwa miaka mingi Warusi walirusha roketi zao za hali ya hewa aina ya M-100 kila juma, huku wahandisi wa India wakiwa kando yao wakifanya kazi na kujifunza.

Siku ya kurusha ilipofika, wavuvi walikuwa wamekwisha kuarifiwa wasiingie eneo ambamo roketi ingeanguka, na mitumbwi mingi ililala mchangani. Nilisimama ufukoni nje ya uzio, pamoja na chetta, akina mama wenye vikapu vya samaki, na watoto waliojua vizuri kuliko mimi mahali pa kutazama. Roketi ya siku ile ilikuwa RH-200. Ina urefu wa mita tatu na nusu hivi, imegawanyika ngazi mbili za fueli ngumu, na hubeba mzigo wa kilo 10 hadi kilomita 70 na zaidi.

Watoto walinyamaza ghafla. Mstari mweupe wa moshi ulitokea juu ya minazi, ukiwa umepanda mbali tayari, ndipo mshindo ukatufikia na kututetemesha kifua. Ngazi ya kwanza iliwaka kwa muda mfupi mno. Nilifuata mstari ule kwa macho mpaka ukaingia katika mwanga wa anga na kupotea. Mama mmoja aliokota kapu lake akaendelea na safari yake ya sokoni. Kwake yeye hiyo ni kazi ya kawaida ya mahali pao, na hilo lilinigusa kuliko mshindo wenyewe.

Nikijua kinachoendelea huko juu, nilibaki nikitazama. Dakika mbili hivi baada ya kuondoka, roketi hufika kileleni na kumwaga nyuzi nyembamba sana za shaba. Nyuzi hizo huelea na kushuka polepole, zikisukumwa na upepo, na rada ya chini huzifuata. Anayepepeta mpunga kwa ungo hutazama makapi yanaelekea wapi akajua upepo ulipo. Rada ya Thumba hufanya hivyo kwa nyuzi za shaba, kutoka kilomita 70 kushuka chini, na kila urefu huandikiwa kasi yake na upande wake.

Nawaomba wasomaji wa pwani wasimame hapa kidogo, kwa sababu hii ni habari yetu. Sisi tumeishi kwa kaskazi na kusi. Tumezijua kwa majahazi, kwa misimu ya samaki, kwa mvua za masika. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, John Findlater, alionyesha kwamba kusi ina mto wake wa hewa, kilomita moja au mbili juu ya ardhi, unaopita juu ya Kenya, hukata Ikweta, hugeukia mashariki kwenye Somalia, kisha huvuka bahari na kuibeba mvua hadi Kerala, ambako masika yao huanza kwa kawaida siku za mwanzo za Juni. Upepo unaotoka kwetu ndio unaolowesha mashamba yao. Na mwaka 1979, mataifa yalipoungana katika jaribio kubwa la kuchunguza pepo za msimu, RH-200 za Thumba zilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyotumika, zikipima tabaka ambazo maputo hayawezi kuzifikia.

Kuna jambo jingine ambalo roketi ndogo zimelifichua, na ambalo wanafunzi wangu hupenda kulisikia. Juu ya Ikweta, kwenye kilomita 50 hivi, pepo hukamilisha mzunguko wa kugeuka kila miezi sita: huvuma kutoka mashariki, kisha kutoka magharibi, kisha tena mashariki. Anga ya juu ina kaskazi na kusi yake, isiyohisika na nahodha yeyote, na bila roketi za aina hii, zilizorushwa mara kwa mara katika sehemu mbalimbali za dunia, tusingejua.

Tena tarehe 15 Januari 2010, kulipotokea kupatwa kwa jua kwa pete, kivuli kilianzia Afrika ya Kati, kikapita Kongo, Uganda na Kenya asubuhi, kikavuka bahari hadi Maldivi na ncha ya kusini ya India. Wakazi wengi wa Nairobi watakuwa wanaikumbuka pete ile ya mwanga. Sisi tuliitazama kwa miwani ya karatasi. Thumba walirusha mfululizo wa roketi, siku moja kabla na siku yenyewe, ili wajue hewa ya juu hubadilikaje jua linapofichwa ghafla katikati ya mchana. Kivuli kimoja kilitupitia sote wawili, upande mmoja ukaondoka na kumbukumbu, upande wa pili na vipimo.

Mwezi Novemba 2022, RH-200 ilitimiza kurushwa mara 200 mfululizo bila kushindwa. Rais mstaafu Ram Nath Kovind alikwenda kuishuhudia. Na tarehe 23 Agosti 2023, chombo cha Chandrayaan-3, kilichonyanyuliwa na roketi iliyobuniwa katika kituo hicho hicho, kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi. Dunia ilishangilia mwezi. Mimi, baada ya kufika Thumba, naona kazi ya mwezi ilianzia kwenye bomba la milimita 75 na kwa watu waliokubali kurudia jambo dogo kila juma, mwaka baada ya mwaka, bila kuchoka na bila kupigiwa makofi.

Sarabhai hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 30 Desemba 1971 huko Kovalam, upande wa pili wa mji, baada ya kuitembelea Thumba. Alikuwa na umri wa miaka 52. Aliwahi kuulizwa na wengi nchi maskini ina haja gani na anga, na alishikilia jibu moja: nchi kama hizo ndizo zisizopaswa kubaki nyuma ya yeyote katika kuitumia sayansi kwa shida halisi za watu wake. Mvua ni shida halisi. Ukame wa Kilifi na Tana River ni shida halisi, na mafuriko yanayofuata ukame huo pia. Baada ya jua kutua, anga ya juu ya maeneo ya Ikweta huchafuka na kuvuruga mawimbi ya redio na ya setilaiti za kuongozea meli na ndege, na hilo nalo ni letu, kwa kuwa tunaishi chini yake.

Kenya ina Shirika la Anga tangu 2017. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, katika mradi wao wa Nakuja, wanajenga roketi ndogo kwa mikono yao. Ufuko tunao, bahari ya kuangukia tunayo, na Ikweta imepita nchini mwetu. Ninawasihi wakuu wa elimu na wa serikali, Kenya na Tanzania pia, wasisubiri fedha za roketi kubwa. Waanze na ndogo, inayofika kilomita chache, kisha kumi, kisha hamsini. Waiweke chini ya vijana wetu na idara zetu za hali ya hewa. Na vipimo vyake vibaki katika vyuo vyetu na vifundishwe. Nanyi walimu wenzangu, mwanafunzi akiuliza nani aliyeipima anga, mwambieni ukweli: ilipimwa na watu waliothubutu kuanza na kidogo walichokuwa nacho, na kazi hiyo bado haijaisha.